Magunia Nyuma ya Mlango wa Baba

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kumshawishi baba auze magunia mawili ya kahawa yaliyokuwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Sikumlazimisha. Nilimwendea kwa upole na kwa hesabu, kama mtu aliyelisoma jambo kwa bidii na kuliamini, na ndiyo maana linaniuma mpaka leo. Ningempigia kelele angekataa.

Sisi tunatoka kijiji cha Kanoni, na tunalima kahawa. Kahawa yetu ikishachumwa inaanikwa mpaka inakuwa nyeusi, ukiitikisa punje inalia ndani. Ikifika hapo tunaiita maganda, na ukiitunza mahali pakavu inakaa muda mrefu. Kila msimu, baba akishapeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, alibakiza magunia mawili na kuyasimamisha nyuma ya mlango. Msimu mwingine ukifika, aliyauza yale ya zamani na kuweka mapya. Hakuwahi kutuambia ni ya nini. Tulizaliwa tukayakuta, kama tulivyozikuta nguzo za nyumba. Nilipokuwa mdogo nilijificha katikati yake nikikimbia fimbo, na harufu yake naijua kuliko harufu ya shule.

Wakati huo nilikuwa na chumba kidogo cha biashara mjini Kayanga. Natengeneza simu, natoa fotokopi, nachapa barua za watu. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video na kwa kuharibu simu zangu mwenyewe. Mambo ya fedha nayo nilijifunza hivyo hivyo, ila huko sikuharibu cha kwangu peke yangu.

Mimi ni mtu mwenye hofu. Simu ikishapona na mwenyewe ameshashukuru, naweza kumwambia arudi kesho ili niifungue tena, kwa sababu tu risasi ya kulehemu niliyounganishia haikunyooka. Nilipoanza kuweka akiba nilisoma kwamba mtu awe kwanza na fungu la dharura, fedha ya kula na kutibiwa miezi kadhaa endapo kazi itasimama, kisha ndipo afikirie kuwekeza. Nililiweka fungu hilo kwenye simu. Likanikera. Kila nilipoangalia salio lilikuwa vile vile, limelala, na bei za vitu zinapanda juu yake. Nililiona kama mfanyakazi anayelipwa kwa kulala. Mwishowe nililihamisha lote kwenye akaunti ya muda maalumu benki, miaka miwili, kwa riba nzuri. Nilikuwa na jedwali kwenye simu lenye rangi zake, na ndani yake hapakuwa na shilingi moja iliyokaa bure. Nililifungua mara nyingi kwa siku, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

Kilichobaki kuniudhi yalikuwa magunia ya baba.

Nilikwenda nyumbani Jumapili baada ya ibada. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, baba amekaa kizingitini.

"Tata, yale magunia yamekaa tu," nikamwambia baba, ambaye kwetu tunamwita tata.

"Yanakaa, ndiyo. Unataka yatembee?"

Mama akacheka huko jikoni.

"Panya wanayala. Na mwaka juzi moja liliingia unyevu, ukalimwaga nusu. Ukiyauza leo, fedha ikakaa benki miaka miwili, inazaa."

"Inazaa nini?"

"Riba."

"Mbuzi akiwa na mimba unaweza kumuuza kabla hajazaa. Huyo wako naye?"

"Anauzwa, lakini unapoteza. Hutahitaji, tata. Nimepanga."

"Umempanga nani? Mungu?" mama akauliza, na sauti yake haikuwa ya kucheka tena.

Baba hakunijibu siku ile. Wiki iliyofuata aliniita, tukayapakia magunia kwenye pikipiki. Alisema mimi ndiye niliyesoma, na kwamba asiponisikiliza mimi atakuwa amelipa ada ya nini. Fedha aliniachia niiweke kwa jina langu pamoja na yangu, kwa kuwa hapendi foleni za benki. Msimu uliofuata nao hakubakiza magunia; mzigo wote ulikwenda kwenye chama, kwa kuwa nilikuwa nimesema benki inatosha. Neno hilo, "nimepanga", nimelisikia kichwani mwangu mara nyingi kuliko neno lolote nililowahi kusema.

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu baba, vinginevyo yaliyofuata yataonekana madogo.

Kwetu kuna biashara inaitwa butura. Mtu akibanwa na shida kabla ya msimu, anamwita mwenye fedha, anamwonyesha kahawa ikiwa bado ni maua, na kumuuzia. Anapewa fedha pale pale, nusu ya thamani au chini ya hapo, na kahawa ikiiva si yake. Serikali imeikataza, mtendaji anaisema kila mkutano, na watu wanaendelea nayo kimya kimya kwa sababu shida haisubiri msimu. Babu yangu aliuza maua karibu kila mwaka. Baba alikua akichuma kahawa kwenye kibanja cha kwao, shamba la kahawa na migomba linalozunguka nyumba, huku magunia yakienda kwa watu wengine, na ada yake ya shule ilikwenda nayo. Alipooa, alimwambia mama kwamba hatauza ua hata moja. Kwa umri wangu wote sikuwahi kuona akiuza. Jirani akilalamika kwamba amebanwa, baba alisema tu, "Anayeuza maua anauza mtoto akiwa tumboni," naye hakuwa mtu wa methali.

Yale magunia mawili ndiyo yaliyomwezesha kulishika neno lake. Hilo sikuliona. Kwenye jedwali langu hapakuwa na safu ya kitu cha namna hiyo.

Mama alianguka mwaka wa pili, wakati kahawa inachanua. Mvua ilikuwa imenyesha, kibanja chote kimekuwa cheupe na kinanukia mpaka barabarani, naye alikuwa anapandisha mteremko na mkungu kichwani. Aliteleza, paja likavunjika. Majirani walimbeba kwa machela ya kijiji mpaka barabarani, kisha gari likampeleka hospitali ya misheni. Nilimkuta kitandani, mguu umefungwa na kuning'inizwa uzito, uso umekuwa mdogo.

Daktari alitueleza bila kutuficha. Lazima apasuliwe na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Chuma hicho hakipo hapo, kinaagizwa Mwanza, na kinalipiwa kabla ya kutumwa. Kadi ya bima ya familia inalipa kitanda na dawa, kwenye chuma haifiki.

"Tukichelewa?" baba akauliza.

"Msuli unavuta mfupa, mzee. Kadiri siku zinavyokwenda mguu unakuwa mfupi, na kuurudisha ni kazi. Msikae sana."

Dada yangu mkubwa alikuwa ameshafika kutoka Songambele, kule Kyerwa, alikoolewa kwa watu wenye ng'ombe. Alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, khanga imelowa.

"Mwenye benki, umefika," akaniambia. Ndilo jina alilokuwa ananitania nalo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mimi nimeleta hiki kidogo. Kikundi chetu cha kuweka akiba kimenipa cha mfuko wa jamii tu, sanduku lenyewe halivunjwi mpaka mwisho wa mwaka. Shemeji yako alitaka kutoa dume mmoja, lakini minada yote imefungwa, kuna ugonjwa wa ng'ombe. Ng'ombe wamejaa zizini, na sisi hatuna hela. Wewe ndiye umebaki."

Baba akanitazama. "Ile fedha tunaipata lini?"

"Leo. Naenda Kayanga sasa hivi."

Nilisema hivyo nikiwa namaanisha.

Pale benki mama mmoja wa makamo alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia inawezekana. Ninajaza fomu, ninasaini, na fedha inaingia baada ya siku moja au mbili za kazi. Ila riba yote ya muda uliopita inafutwa, na kuna makato kidogo ya kuvunja mkataba. Aligeuza kompyuta ili nione mwenyewe. Nikaiona ile namba. Ilikuwa riba ya miezi mingi, na ilikuwa imebaki miezi michache tu mpaka miaka miwili itimie.

"Saini hapa na hapa," akasema.

Nikashika kalamu. Nikauliza, "Kama nikisubiri kidogo, nikakopa mahali kwa sasa?"

"Umesema mama yako kavunjika mguu?"

"Ndiyo."

"Basi uamuzi ni wako, mwanangu."

Nilimrudishia fomu. Nikasema nitarudi kesho asubuhi. Nilikwenda dukani kwangu, nikafunga mlango nusu, nikaanza kupiga hesabu: mkopo wa rafiki, mkopo wa simu, riba ya huku, hasara ya kule. Kulikuwa na jibu lililo sahihi, na nilitaka kulipata. Nililipata jioni. Tofauti ya njia nzuri na njia mbaya ilikuwa fedha ya kununua spika za simu za kutosha kazi ya wiki moja. Mama alikuwa analala na uzito mguuni, na mimi nilikuwa natafuta spika.

Jioni hiyo baba alipiga simu.

"Vipi?"

"Benki wamekuwa wagumu kidogo, tata. Kesho watanijibu."

Hawakuwa wagumu. Walikuwa wameshanijibu. Nikasikia sauti za wauguzi nyuma ya baba.

"Haya," akasema.

Kesho yake nilikuwa mlangoni pa benki kabla haijafunguliwa. Nilikuwa nimeamua. Dada akapiga.

"Usihangaike tena. Chuma kimelipiwa kwa simu sasa hivi."

"Nani amelipa?"

"Tata ameuza maua."

Dada akaendelea mwenyewe, kwa sababu alikuwapo. Alikuwa amerudi nyumbani na baba alfajiri kumpikia mama chakula. Mnunuzi, ambaye baba alikuwa amempigia simu, alikuja kwa pikipiki. Ni mtu wa kijiji chetu, mzee wa kanisa, tunakaa naye benchi moja. Baba alimkaribisha ndani na kumtengea kile kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama anavyomfanyia mgeni yeyote.

"Mzee, wewe?" yule mtu akamwambia. "Nilijua nitakufa sijaingia kibanja hiki kwa shughuli hii."

"Tafuna kahawa, tuanze," baba akajibu.

Walipita mti kwa mti. Kwenye kila mti alioununua, yule mtu alifunga ukamba wa mgomba kwenye tawi la chini. Alitaja bei, baba akasema sawa.

"Hakubishana," dada akaniambia. "Tata anabishana hata bei ya kiberiti. Hapo ndipo nilipoogopa."

Mama alipasuliwa, chuma kikakaa vizuri. Siku nilipokwenda kibanjani baada ya hapo maua yalikuwa yameanza kunyauka, na kamba zilikuwa pale, mti hadi mti, mpaka kwenye miti ya chini karibu na bonde ambayo mimi na dada tulipandiwa tulipobatizwa. Nikarudi Kayanga siku hiyo hiyo na kuvunja akaunti. Yule mama wa benki akanipa fomu ile ile, nikasaini. Fedha ilipoingia nikaichukua, nikaenda kwa mnunuzi, nikamsalimu, nikamweleza kwamba nataka kurudisha fedha yake na nyongeza juu, kahawa ibaki kwa mzee.

Aliniketisha. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa angekuwa mbaya.

"Sikiliza, kijana. Nilinunua kwa bahati yangu. Jua lingewaka maua yakadondoka yote, mngenirudishia?"

"Hapana, waitu," nikamjibu kwa heshima.

"Basi. Baba yako aliniita akiwa na shida, sikumgeuzia mgongo. Hiyo fedha mtibie mama, atahitaji mengi."

Ni kweli, alihitaji mengi. Magongo, usafiri wa kliniki, nyama ya supu, mtu wa kumsaidia kuchota maji. Fedha yote ilipita huko. Nilipoitazama ikitoka, bila riba hata shilingi moja, nilishangaa kwamba haikuniuma. Kilichoniuma kilikuwa kile nilichomwambia baba kwenye simu.

Nilikaa nacho miezi yote mpaka kahawa ilipoiva. Kwenye butura wengi wanamwachia mnunuzi aje na vibarua wake, na vibarua wanakwangua tawi lote, mbivu na mbichi. Baba alikataa. Alisema miti ni yake hata kama kahawa si yake, na hakuna atakayevunja tawi. Akamwambia yule mtu atamchumia mwenyewe, atamwanikia, atamkabidhi maganda makavu. Nilifunga duka nikaenda kumsaidia. Bei ya msimu ule ilikuwa imepanda, kila mtu kijijini anaizungumzia. Baba hakuizungumzia.

Alichuma mbivu tu, nyekundu, moja moja. Mama alikaa kwenye mkeka, gongo limelala kando, anachagua uchafu kutoka kwenye kahawa inayokauka. Nilipomwaga kikapu haraka haraka akanipiga kofi mkononi.

"Umeleta na majani humu."

"Mama, si yetu hii."

"Watu watasema imetoka kwa nani? Si hapa?"

Nikarudi mitini. Baba alikuwa upande wa pili wa mti ule ule, namwona mikono tu katikati ya majani. Nadhani niliweza kusema kwa sababu sikuuona uso wake.

"Tata, siku ile benki hawakukataa."

Mikono ikaendelea.

"Walinipa fomu nisaini. Ningesaini, fedha ingekuja kesho yake au keshokutwa. Niliogopa kupoteza riba. Nikakudanganya."

Aliinamisha tawi, akalimaliza, akaliachia polepole lisivunjike.

"Nilijua una kitu," akasema. "Ulijibu kama mwanasiasa."

"Ungenisubiri, maua yasingeuzwa."

"Nisingekusubiri. Wewe hukuwapo usiku ule. Mama yako alikuwa anauma shuka ili wengine walale." Akahamia tawi lingine. "Ningekuwa na magunia ningeyauza. Sikuwa nayo. Yale niliyauza kwa mkono wangu, na wewe ulinishauri kwa mdomo. Kila mtu abebe chake."

"Samahani, tata."

"Chuma upande wa juu. Mimi sifiki."

Hakunisamehe kwa maneno, wala sijui kama aliona kuna haja. Tulichuma mpaka jua lilipokwenda. Siku ya kukabidhi, yule mnunuzi alitumbukiza mkono kwenye gunia, akatoa maganda kiganjani, akayatikisa karibu na sikio, akasema hajawahi kupokea kahawa safi namna ile. Baba akasema asante. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chake, ule ambao nyuma yake hapakuwa na kitu.

Msimu uliofuata kahawa ilikuwa yetu tena. Baba alikuwa na madeni madogo ya dawa na mbolea, na nilijua asingeweza kubakiza magunia. Nilinunua mawili kwa fedha ya duka, kwa jirani, bila kumwambia, nikayaleta kwa pikipiki. Aliyatazama yakishushwa. Akalipiga la kwanza kwa kiganja, akasikiliza, akaliacha. Akalipiga la pili.

"Hili bado lina maji. Limwage, lianikwe tena."

Nililimwaga kwenye mkeka. Mama akatoka na fimbo yake ya kutembelea, akakaa, akaanza kuchagua.

Kilichobadilika tangu hapo ni hiki. Nyuma ya mlango wa baba kuna magunia mawili, na hakuna anayehitaji kuniuliza kabla ya kuyauza. Fungu la dharura la nyumba liko kwenye simu ya mama, na namba ya siri anaijua yeye na baba. Halizai, na panya wakipata nafasi watakula sehemu ya yale magunia. Akaunti ya muda ninayo bado. Ni ndogo kuliko ile ya zamani, ninaweka humo kile tu tulichokubaliana wote watatu kuwa hatutakihitaji, na nimeshawaambia kwamba ikilazimu kuivunja, nitasaini siku hiyo hiyo.